Kolamu ya Umoja

Msiniulize nchi hiyo iko wapi. Mkitaka kuijua, tafuteni mahali ambapo barabara huchorwa mistari kabla ya kutiwa lami, na mtu akipiga chafya peke yake huulizwa kwa nini hakuwasubiri wenzake. Watu wa huko walipenda umoja kupita kiasi. Walikuwa na Wizara ya Umoja, Benki ya Umoja, Gereza la Umoja, na Sheria ya Umoja iliyotamka kwamba yeyote atakayetenganisha kilichoungana atakiona cha mtema kuni. Sheria ilitungwa kwa ajili ya wanasiasa wabishi, lakini haikusema hivyo, basi hata wanawake wakawa wanapepeta mchele ndani, milango imefungwa.

Katika nchi hiyo alikuwapo bwana mmoja aitwaye Shomari Likwepa, Katibu Mkuu wa Wizara ya Umoja. Alikuwa mtu wa kitambi na heshima zake, mwenye suti za rangi ya majivu na dua moja tu kwa Mola wake: awe balozi. Nchi yoyote, alisema, ilimradi kuna baridi na hakuna ndugu. Katika utumishi wake wote hakuwahi kusema ndiyo wala hapana. Alisema "tutaliangalia." Akiulizwa siri ya kudumu kazini alijibu, "Funika kombe mwanaharamu apite," na alikuwa amefunika makombe mengi kiasi kwamba mengine alishasahau yana nini.

Sasa nchini humo palikuwa na dawa ya maji ya homa ya watoto, jina lake Tulizo. Iliuzwa kila duka, nyekundu, imechorwa mtoto anacheka. Kiwanda kilikuwa mali ya Bwana Kondo Mavura, shemeji yake Rais. Manesi wa hospitali kuu wakaanza kunong'ona kwamba mtoto akinywa Tulizo homa inashuka vizuri tu, kisha anaacha kukojoa, kisha anavimba, na wengine hawarudi nyumbani. Wizara ikatoa tangazo kwamba mtoto asiyekojoa hapotezi maji ya taifa. Kina mama hawakuona cha kucheka. Walikuja wakaketi mbele ya wizara, watoto mgongoni, bila bango wala wimbo. Polisi walikuwa na mabomu ya machozi, lakini hao walikwisha kulia kabla hawajafika.

Rais akaagiza ukweli utafutwe, kwa utulivu. Kazi akaangushiwa Likwepa.

Ukweli ulihitaji mashine, na mashine ilikuwapo. Wafadhili waliileta, ikawekwa Maabara Kuu, na kila waziri aliyepita aliizindua kwa utepe na hotuba. Haikuwahi kuwashwa. Kilichokosekana ni kolamu. Likwepa hakujua kolamu ni mdudu gani, akamwita Mkemia Mkuu, Bi. Sikudhani Mwaruwa, mwanamke mrefu aliyekwenda ng'ambo kusomea kemia na kurudi na shahada mbili na ulimi wa pilipili.

"Ni kibomba cha chuma, mheshimiwa, urefu wake shubiri moja," alisema Bi. Sikudhani. "Ndani kimeshindiliwa silika. Silika ni mchanga, lakini uliosafishwa mpaka umekuwa laini kuliko poda ya mtoto, chembe zote saizi moja, zimevishwa ngozi nyembamba ya mafuta. Unaisukuma dawa ipite humo kwa nguvu. Kila kilichomo ndani ya dawa kinang'ang'ania silika kwa namna yake, kingine sana, kingine kidogo. Basi kule mwisho vinatoka kimoja kimoja, na mashine inachora kilima kwa kila kimoja. Dawa peke yake, uchafu peke yake."

"Peke yake," alirudia Likwepa.

"Ndiyo. Vinatengana."

Likwepa aliinuka akafunga dirisha. "Bibie, hilo neno la mwisho huna jingine badala yake?"

"Kama lipi?"

"Kama, labda, vinapeana nafasi."

Bi. Sikudhani alimtazama kama mtu anavyoitazama nyama iliyolala nje ya friji. Akasema silika ziko za namna namna na ukikosea kuchagua, mashine itakudanganya huku unaiona. Ziko tupu, ziko zilizovishwa, ziko za chembe kubwa na ndogo. Kwa kazi hii alitaka ile laini, iliyovishwa. "Nipatie hiyo tu, na kabla ya chakula cha mchana nitakwambia watoto wanakunywa nini."

"Tutaliangalia," alisema Likwepa, na siku hiyohiyo akaunda Kamati ya Kitaifa ya Kuteua Kolamu, mwenyekiti yeye mwenyewe.

Kamati ilikaa kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, maana katika nchi ile ilishathibitika kwamba akili ya mjumbe haifunguki pasipo supu. Alikuwapo Brigedia Ndutu wa Jeshi la Umoja. Alikuwapo mjumbe wa Maadili, mzee mmoja mkavu aliyekuwa akifumba macho kila akipita karibu na bwawa. Wakuu wa mikoa walikuwapo wote. Na Bwana Mavura mwenyewe alikuwapo, kama mdau.

"Hiyo silika," aliuliza Brigedia baada ya supu, "kwa lugha ya mtu wa kawaida ni kitu gani?"

"Ni mchanga," alisema Bi. Sikudhani. "Ila..."

"Basi hapohapo simama, Daktari." Brigedia aligeuka kuwatazama wenzake. "Waheshimiwa, mmesikia. Tunataka kuagiza mchanga. Kwa ndege. Nchi hii, ambayo ukivua kiatu unamwaga mchanga, inunue mchanga kwa watu."

Makofi yalipigwa mpaka vijiko vikacheza mezani. Bi. Sikudhani alijaribu kueleza habari ya usafi na ulaini, lakini nani wa kumsikia? Mjumbe wa Maadili alikuwa amekwisha nyoosha mkono. Yeye lilimkera jambo jingine. Alikuwa amesikia, kama masikio yake hayakumdanganya, kwamba ipo silika tupu.

"Tupu kwa maana gani?"

"Isiyovishwa kitu, mzee wangu."

"Na mnataka kuiingiza nchini, watoto wanaona?"

"Mficha uchi hazai, mzee," alisema Bi. Sikudhani, uvumilivu umemwishia. Maneno hayo yaliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kama matusi.

Mwishowe azimio likapita. Nchi ingetengeneza kolamu yake yenyewe, kwa mchanga wake yenyewe, kila mkoa utoe gunia. Likwepa aliafiki kwa moyo mkunjufu, kwa sababu kitu kilichotoka kila mahali, lawama zake hazina pa kushukia.

Ikawa shamrashamra. Mchanga wa mikoani ulipokelewa kwa ngoma na vifijo. Mkoa mmoja usio na mchanga ulileta udongo wa mfinyanzi na risala. Mwingine ulileta simenti, ukasema ni mchanga wa kisasa. Mkoa anakotoka Rais ulileta lori zima, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Karakana ya jeshi ikakata bomba la maji urefu wa mtu aliyeinua mkono, kwa hoja ya Brigedia kwamba kolamu ya shubiri moja ni fedheha kwa taifa lenye vifaru. Bi. Sikudhani aliwasihi walau mchanga uchekechwe, mawe yatoke. Akakumbushwa sheria inasemaje juu ya kuchekecha.

"Sawa," alisema. "Nami ninayo kolamu ndogo, nimeazima kwa mwanafunzi mwenzangu wa zamani, nchi jirani. Tuzipime zote mbili kwa Tulizo ileile, mbele za watu. Itakayoshinda iteuliwe."

Likwepa alipenda mashindano, maana mshindi hujichagua mwenyewe na mwenyekiti anabaki msafi. Akakubali.

Ukumbi ulijaa. Ilianza Kolamu ya Umoja, imepakwa rangi za bendera, imeegemezwa kwenye ngazi. Tulizo ikamiminwa, pampu ikaguna, viungo vikavuja matope mekundu kwenye viatu vya wakuu wa mikoa, na baada ya muda kalamu ya mashine ikaanza kupanda taratibu. Ilichora kilima kimoja, kipana, kimelala kama nyati aliyeshiba. Ndani ya nyati huyo, alisema Bi. Sikudhani, mmelundikana kila kitu kilichokuwa kwenye chupa, hakuna kinachoonekana. Sauti yake ilimezwa na vigelegele. Kilima kimoja! Mtu wa redio alikwisha kupata kaulimbiu: nchi moja, kilima kimoja.

Kisha ikafungwa ile ndogo, ya shubiri. Haikuvuja. Kalamu ikaruka ikachora mlima mwembamba, mrefu, karibu utoke nje ya karatasi. Ikashuka mpaka chini kabisa, ikatulia. Halafu, pale watu walipoanza kujinyoosha, ikachora kilima cha pili, kidogo.



"Hiki kirefu kilichotangulia," alisema Bi. Sikudhani, na sasa sauti yake ilisikika vizuri, "ni maji ya rejeta. Yale wanayotia kwenye malori injini isichemke. Ni rahisi kuliko sharubati ya kutengenezea dawa, na yanaua figo. Hicho kifupi kinachokuja nyuma ndicho dawa ya homa."

Likwepa alihisi baridi miguuni, na si ile baridi ya ubalozi aliyokuwa akiiombea. Asubuhi ile mjukuu wake alikuwa na joto, na yeye kwa mkono wake alimnywesha Tulizo kijiko kizima, akamfuta mdomo. Aliogopa. Aliogopa hofu ya kweli, na alipoinua macho aliona hofu hiyohiyo kwenye uso wa Brigedia, na wa mjumbe wa Maadili, na wa kila mkuu wa mkoa mwenye mtoto nyumbani. Wote walikuwa wameelewa. Hapakuwa na mjinga hata mmoja ukumbini.

Ndipo Bwana Mavura aliposimama, mpole, akafunga kifungo cha koti.

"Nina swali dogo kwa Daktari. Dawa yangu kabla haijaingia kwenye hicho kibomba chako, ilikuwa moja au mbili?"

"Ilikuwa kwenye chupa moja, lakini..."

"Moja. Na ilipotoka?"

Bi. Sikudhani alielekeza kidole kwenye vile vilima viwili.

"Basi mimi sikusoma kemia," alisema Mavura, "ila nauliza tu, kama raia. Ni nani hapa aliyetenganisha?"

Macho yote yakamgeukia mwenyekiti. Likwepa alisimama. Alitamani kusema tutaliangalia, lakini kamera zilikuwa zinawaka na Waziri wake alikuwa safu ya mbele. Akasema kwamba kamati, baada ya kutafakari kwa kina, imejiridhisha kuwa kolamu ndogo imeonekana ikitenganisha mchana kweupe, mbele ya mashahidi. Kolamu ya Umoja imeteuliwa rasmi. Tulizo ni safi. Makofi yakapigwa. Askari wawili wakaikamata kolamu ndogo. Pingu ilipwaya, ikabidi kolamu itiwe ndani ya soksi, ikapelekwa Gereza la Umoja kungoja mashtaka ya uchochezi. Bi. Sikudhani alihamishiwa Idara ya Mvua, katika mkoa usio na mvua. Alipokuwa akitoka alisimama mbele ya Likwepa, akamwambia polepole, "Una mjukuu, baba."

Kilichofuata ni cha ajabu. Kilikuwa kimeandaliwa chakula, pilau na kuku, na hakuna mjumbe aliyekaa kukila. Kila mtu alikuwa na dharura nyumbani.

Likwepa alipofika kwake alimvuta mkewe, Bi. Tunu, mpaka bafuni, akafungua maji ya bomba yapige kelele, maana kuta za nyumba za serikali zilikuwa na masikio mazuri kuliko wenyeji wake. Akamweleza. Bi. Tunu hakupoteza muda kumtukana. Alimkimbiza mjukuu kwa daktari Mhindi aliyekuwa jirani, nao wakaambiwa kijiko kimoja si kitu, mtoto ataokoka, anyweshwe maji kwa wingi. Kisha akarudi akaimwaga chupa nzima ya Tulizo kwenye karo la jikoni. Mtaa mzima wa wakubwa ulikuwa ukifanya vilevile, na mfereji wa nyuma ya nyumba ukapita mwekundu.

Aliyekuwa amesimama pale jikoni, mikono ina povu la vyombo, ni Tabu, mfanyakazi wao. Tabu alikuwa na binti, Mwanaidi, aliyekuwa akilala naye chumba cha nyuma.

"Baba," alimwambia Likwepa, "nimesikia redioni dawa imeshinda."

"Imeshinda."

"Mwanaidi ana homa tangu jana. Nimemnunulia chupa, bado sijaifungua. Nimpe?"

Likwepa alitazama dirisha. Lilikuwa wazi. Akatazama mlango. "Serikali imesema ni safi," alijibu.

"Nimesikia serikali ilivyosema. Sasa mbona mama ameimwaga?"

Mtu huyo alikuwa na majibu ya mabalozi, majibu ya wabunge, majibu ya waandishi wa habari. Kwa Tabu alichagua la waandishi. Akasema mama ameimwaga kwa sababu za kiutawala. Tabu akafuta mikono kwenye kanga.

"Haya, baba," alisema, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Alikwenda moja kwa moja mfereji wa nyuma ya nyumba, akaukuta mwekundu, na wafanyakazi wa nyumba za jirani wamekwisha simama kandokando yake wanautazama. Hawakuunda kamati. Hapakuwa na supu. Kila mmoja alikwenda kwao na kumwambia dada yake, na dada akamwambia jirani wa kisimani, na jirani akapanda gari la mkoani na habari hiyo. Kabla mwezi haujaandama, hapakuwa na mama nchini aliyekuwa na Tulizo ndani ya chupa. Walimwaga chooni, kwenye mashimo ya taka, nyuma ya zizi. Na kwa kuwa chupa ni mali, waliziosha wakaziuza kwa wanunuzi wa chupa.

Wizara ilipopata taarifa kwamba soko limejaa chupa tupu za Tulizo, ilifurahi isivyo kifani. Chupa tupu maana yake dawa imenyweka! Waziri alisimama bungeni akasema haijapata kutokea dawa kupendwa hivyo na wananchi. Bwana Mavura akaongezewa mkopo wa kupanua kiwanda. Ikapangwa Siku ya Tulizo, uwanja wa taifa, watoto wa shule wajipange kila mmoja na kikombe chake, wanywe wote kwa mpigo, dunia ione. Wa kuwafungulia kinywaji awe mwenyekiti aliyeiteua Kolamu ya Umoja. Na akishakunywa tu, alinong'onezwa Likwepa, Waziri atatangaza jina lake. Balozi. Nchi ya baridi.

Siku ikafika. Jukwaani Mavura alisema yeye ana sukari, daktari kamkataza. Waziri alikuwa amefunga. Brigedia alikuwa zamu, na mwanajeshi hanywi zamuni. Glasi, si kijiko, ilijazwa mpaka ukingoni ikawekwa mkononi mwa Likwepa. Mbele yake uwanja mzima ulikuwa watoto, wamevaa sare, vikombe vyao vimejaa wekundu. Na katika safu ya kwanza, karibu kiasi cha kumgusa, alisimama Mwanaidi wa Tabu.

Likwepa aliona kila kitu kwa mara moja. Akinywa, watakunywa. Asipokunywa, Gereza la Umoja lina nafasi. Kipaza sauti kilikuwa hatua moja kutoka mdomoni mwake, na neno lililotakiwa lilikuwa fupi, hata mtoto angeliweza. Lakini mazoea yana taabu, na yeye akafanya alilofanya maisha yake yote. Alipita katikati. Aliinua glasi akaimimina yote kinywani, mashavu yakavimba, na hakumeza.

"Amekunywa!" alitangaza mshereheshaji. "Haya watoto wetu, kwa umoja, kunyweni."

Watoto wakainua vikombe. Likwepa alitaka kupiga kelele, na hakuweza, kinywa kimejaa. Watoto wakavigeuza vikombe juu chini. Wote, safu ya mbele mpaka ya nyuma, kama mama zao walivyowafundisha nyumbani, wakaimwaga Tulizo chini kwenye majani, kimya, kwa wakati mmoja. Mtu aliyeutafuta umoja wa nchi ile maisha yake yote angeuona hapo.

Bendi ilikosea ikapiga wimbo wa taifa. Waziri alibaki na karatasi ya uteuzi mkononi, hajui aisome au aile. Mshereheshaji, kwa kukosa la kufanya, akamsogezea Likwepa kipaza sauti. "Mheshimiwa, tupe neno."

Likwepa alimtazama Waziri. Akamtazama Mavura. Macho yalikuwa yamemtoka, jasho linamchuruzika, mashavu yametuna kama ya mpiga tarumbeta. Mwanaidi alimtazama mtu mzima huyu anavyoteseka, akamwonea huruma. Akasogea, akainua kikombe chake kitupu kwa mikono miwili.

"Tema humu, babu," alisema.

Likwepa akainama, akatema. Alitema mpaka tone la mwisho, akapiga makohozi, akatema tena, na nchi nzima ikamsikia redioni.